Fundi Aliyejipandishia Kodi

Kama kuna mtu mjini aliyewahi kujipandishia kodi ya nyumba kwa mikono yake mwenyewe, tena kwa furaha, basi ni fundi vigae mmoja mwanamke aliyeitwa Pimamaji. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye kitambulisho. Hili la pili alipachikwa na mafundi wenzake, kwa sababu hakuweza kuona kitu kimelala bila kukiwekea pimamaji yake ya njano aone kipovu kimekaa katikati au kimekimbia pembeni. Aliipima meza ya mgahawa kabla ya kuagiza chai. Siku moja aliugua, na hata benchi la hospitali alilipima. Mume wake alisema hawezi kuishi na mtu anayepima kitanda, akafungasha akaondoka, na Pimamaji akakipima kitanda, akakuta sasa ndiyo kimenyooka.

Aliishi na baba yake ghorofa ya pili, kwenye jengo lenye nyumba nane. Lilikuwa jengo la kawaida tu: ngazi zimemeguka kona, mita za umeme zimepangwa ukutani pale chini, na juu ya paa kuna tangi la maji linalovuja kila likijaa. Kodi haikuwa ndogo. Mjini hakuna kodi ndogo, kuna unayoiweza na inayokushinda, na hii Pimamaji aliiweza kwa kujibana. Sakafu ilikuwa saruji tupu, yenye ufa uliotoka mlangoni hadi jikoni, na mwenye nyumba alipoambiwa habari za ule ufa alijibu kwamba ufa haujawahi kumuumiza mtu.

Baba yake alikuwa amepika chakula cha shule ya bweni kwa miaka thelathini na miwili. Sauti yake ilizoea kuwapanga foleni wanafunzi mia sita, na alipostaafu haikushuka hata kidogo. Akiomba chumvi mezani, jengo zima lilijua mboga haijakolea. Kisha macho yakaanza kumsaliti. Presha ya macho, walisema hospitali, na baada ya kuhangaika huku na kule mzee akawa haoni hata kiganja chake. Nyumba ikamgeuka. Alijigonga kwenye kabati, alijikwaa kwenye ule ufa usioumiza mtu, akaanguka na kuchanika kidevu. Ikabidi akae kitandani mchana kutwa, akimsubiri binti yake atoke kazini ampeleke chooni. Kwa mtu wa namna ile, kuambiwa asubiri haja ndogo mpaka jioni ni tusi kubwa.

Pimamaji hakuweza kulivumilia. Alikusanya vigae vilivyobaki kwenye kazi za watu, vingine akavinunua kwa bei ya kutupa dukani ambako maboksi yaliyofunguliwa hayana mwenyewe, na kwa Jumapili saba mfululizo akaisakafia nyumba yote. Sehemu kubwa aliweka vigae laini vya rangi ya maziwa. Katikati yake akapitisha njia ya vigae vya kukwaruza, vile vya bafuni visivyoteleza, upana wa nyayo mbili. Njia ilitoka kitandani kwa mzee, ikaenda chooni, ikachepuka kwenda jikoni, ikachepuka tena kwenda mlango wa nje. Kwenye kila mchepuko aliweka kigae kimoja chenye vifundo, ili unyayo ujue kwamba hapa ndipo pa kukata kona.

Mzee alivua soksi zake, akaisoma ile sakafu kwa siku tatu. Siku ya nne alikwenda mwenyewe chooni, akarudi, akaenda jikoni akachemsha chai, akaimimina bila kumwaga, kisha akapaza sauti mtaa mzima usikie kwamba chai ya nyumba hii ni maji ya moto yaliyopakwa rangi. Pimamaji alilia huku anacheka. Tangu siku hiyo hakuna aliyemshika mzee mkono ndani ya nyumba ile, na ukijaribu atakuuliza kama wewe ndiye kipofu. Ile njia aliiita Barabara Kuu.

Mambo yalikuwa mazuri hivyo kwa mwaka mmoja na nusu, mpaka dalali alipoingia. Huyu ndiye aliyekusanya kodi kwa niaba ya mwenye nyumba, na wapangaji walimwita Asilimia, kwa kuwa hakuna jambo alilolifanya bila kukatiwa kumi kwa mia yake. Alikuja kuangalia maji yanayovuja kwenye dari, lakini dari hakuiangalia. Aliinama akapapasa sakafu, akatoa simu, akapiga picha kumi na kitu.

"Hii dizaini inaitwaje?" aliuliza.

"Haina jina. Ni ya baba."

"Kali sana," alisema Asilimia, na akaondoka bila kusema neno kuhusu maji.

Wiki iliyofuata alikuja mwenye nyumba mwenyewe. Wapangaji walimwita Mpole. Hakuwahi kupandisha sauti maishani. Alizungumza kwa chini, mpaka mtu unamwinamia kumsikia, na ukishainama unajikuta umekubali. Alisimama katikati ya chumba, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema dada yangu, mikono hii imebarikiwa. Akataka nyumba zote saba zilizobaki ziwekwe vigae kama hivi, na ile barabara iwemo. Malipo aliyotaja yalikuwa ya haki kabisa.

Mtu mwenye kichwa kilichotulia angejiuliza swali moja. Mwenye nyumba ambaye kwa miaka sita ameshindwa kubadilisha mpira wa bomba, leo kapata wapi huruma ya kutandika vigae? Pimamaji hakujiuliza. Aliona kazi ya miezi mitano bila nauli, akiwa anapanda ngazi saa saba kula na baba yake. Aliona, na hili alilikiri baadaye kwa uchungu, jengo zima likiwa limenyooka kwa mkono wake. Hata bei aliipunguza kidogo, eti Mpole asije akabadili mawazo majirani wakakosa.

Na majirani walimpokea kwa mikono miwili. Nyumba ya chini kabisa alikaa mshonaji mwenye watoto pacha. Alibeba vyerehani vyake viwili mwenyewe akavipanga kwenye ngazi, akashona hapohapo kwa siku tisa, na kila saa nne, hata fundi alipohamia nyumba nyingine, alimletea chai. "Sasa na sisi tunakaa kama watu," alikuwa akisema, akitembea peku juu ya vigae vipya na kurudi, na kutembea tena. Ghorofa ya tatu alikaa mwalimu na familia yake ya watu saba. Walilala wote chumba kimoja wiki nzima ili grauti, ule uji wa kuziba mianya ya vigae, ikauke vizuri, na hakuna aliyelalamika.

Alipomaliza nyumba ya mwisho, aliosha ndoo zake akazianika. Siku tatu baadaye barua zikapitishwa chini ya milango, nane, zote sawa. Pimamaji aliisoma ya kwake kwa sauti, kama alivyomsomea mzee kila karatasi inayoingia ndani. Kutokana na maboresho makubwa yaliyofanyika katika jengo, kodi itapanda kwa nusu kuanzia mwezi ujao, na italipwa ya miezi sita kwa mkupuo.

"Maboresho gani?" aliuliza mzee.

"Vigae, baba."

"Vigae vya nani?"

Pimamaji aliisoma tena ile barua kimyakimya, akitafuta mahali palipoandikwa kwamba nyumba ya fundi haimo, na hapakuwa na mahali hapo.

Mshonaji hakubisha hodi. Aliusukuma mlango akaingia na barua yake mkononi.

"Ulijua?"

"Wallahi sikujua, jirani."

"Miezi mitano nakuletea chai. Ulikuwa unakunywa huku unajua?"

"Nakwambia sikujua! Na mimi nimeletewa hiyohiyo, itazame."

Mshonaji aliitazama, akairudisha. "Fundi, wewe unajua bei ya kila kitu. Gundi unaijua bei. Mchanga unaujua bei. Hii moja tu ndiyo hukuijua?"

Mshonaji alishuka ngazi, na kutoka siku hiyo wakipishana alimpa kisogo.

Mwezi ulipoisha, familia tatu zilihama. Mwalimu wa ghorofa ya tatu alikuwa anateremsha kabati na wanawe, wamekwama kwenye kona ya ngazi, na Pimamaji akaweka bega chini yake kama mtu yeyote angefanya. Mwalimu aliusogeza mkono wake taratibu. "Acha, mama," alisema. "Umeshatusaidia vya kutosha." Pimamaji alirudi ndani akapiga ngumi ukuta, na ngumi ikavimba wiki nzima. Hasira yake haikuwa na pa kukaa. Ilimwelekea Mpole, ikamwelekea Asilimia, kisha ikamrudia yeye mwenyewe na ule ujinga wake wa kupunguza bei.

Alikwenda ofisini kwa Mpole asubuhi, na nguo za kazi, makusudi, akakaa kwenye kiti cha ngozi na vumbi lake lote. Vigae vya ofisi ile vilikuwa vimewekwa ovyo, mistari imepinda, na hilo nalo lilimwongezea ghadhabu.

"Nyumba za wengine umenilipa, sawa," alisema. "Lakini yangu niliiweka kwa pesa yangu, kwa ajili ya mzazi asiyeona. Unanitozaje kodi ya vigae vyangu?"

Mpole alivuta droo, akatoa mkataba, akamwonyesha kifungu kwa ncha ya kalamu. Kitu chochote kitakachobandikwa, kupigiliwa au kujengwa ndani ya nyumba ni mali ya mwenye nyumba.

"Kwa hiyo ni vyako?"

"Ndivyo, dada yangu. Na ninakushukuru sana."

"Basi nitavibomoa!"

"Utalipia uharibifu," alisema Mpole, kwa sauti ileile ya kumbembeleza mtoto alale. "Lakini ya nini tufike huko? Mimi sipendi ugomvi. Nina jengo jingine, lile la ng'ambo ya barabara, nyumba kumi na mbili. Nenda kapime. Uniwekee vigae kama hivi, halafu wewe na mzee mtabaki palepale kwa kodi ya zamani. Miaka mitatu sikugusi. Wewe ni mtu wetu."

Pimamaji aliinuka kwenye kiti. Alitaka kumtukana, na tusi alikuwa nalo tayari, lakini mbele yake aliiona Barabara Kuu na mzee juu yake na kikombe chake, na tusi likarudi tumboni.

Jioni alimweleza baba yake yote. Kama ulitegemea mzee aseme maneno ya busara, hukumjua. Mzee aliogopa, na mtu anayeogopa hana muda wa busara.

"Ifanye hiyo kazi," alisema.

"Baba, kule kuna watu kumi na wawili na familia zao. Watafukuzwa kama walivyofukuzwa hawa."

"Umewazaa wewe?"

"Na wao wana wazee wao."

"Mimi ndiye mzee wako!" Sauti ilipanda ikajaa jengo. Kisha ikashuka, jambo ambalo Pimamaji hakuwahi kulisikia. "Nimejifunza nyumba hii kwa miguu, mwanangu. Umri huu siwezi kuanza nyingine. Ukinihamisha hapa, umenirudisha kitandani."

Siku ya pili yake Pimamaji alichukua futi ya chuma na daftari, akavuka barabara. Alikuwa amekata shauri kuifanya. Alijiambia kwamba yeye ni fundi tu, fundi hapangi kodi, na kama si yeye basi ataitwa fundi mwingine mwenye mkono mbovu. Aligonga mlango wa kwanza, akafungua muuguzi ambaye ndiyo kwanza anarudi zamu, bado na sare.

"Fundi? Vigae? Vya kwetu sisi?" Yule dada alichanganyikiwa kwa furaha. "Karibu, karibu, ngoja nikusogezee meza. Mama! Amka, tunawekewa vigae!" Chumba cha ndani kikajibu kwa kikohozi cha kikongwe.

Pimamaji alipiga magoti, akaivuta futi mpaka ukutani, akatazama namba. Namba zilikataa kumwingia kichwani. Alizitazama muda mrefu, na muuguzi alikuwa anasukuma meza kwa tumbo, anahema, na bado anashukuru.

"Dada, iache meza," alisema akasimama. "Nikiweka vigae hapa, kodi yenu itapanda kwa nusu, mlipe miezi sita kwa mara moja. Ng'ambo pale nimemaliza majuzi, wameshahama watatu. Msinifungulie mlango. Wala mwingine atakayekuja baada yangu msimfungulie."

Milango yote kumi na miwili aliigonga, akasema yaleyale, sauti ikizidi kupanda kadiri alivyopanda ngazi. Hadi saa kumi wapangaji walikuwa wamejaa kwenye ngazi, na Asilimia alipokuja kuona upimaji umefikia wapi, alikuta karatasi yenye sahihi kumi na mbili kwamba hawataki maboresho, wanataka sakafu zao zilezile. Wakamshangilia Pimamaji. Yeye hakusikia raha yoyote. Alivuka barabara kurudi nyumbani akijua ameuza miguu ya baba yake.

Barua ya kumtaka ahame ilikuja kesho yake, na ilimpa mpaka mwisho wa mwezi. Aliposomewa, mzee alisema, "Ungenyamaza tu."

Pimamaji alishika nyundo. Alikuwa ameapa kwamba hakuna kigae chake hata kimoja kitakachobaki chini ya unyayo wa mpangaji wa Mpole, uharibifu alipie mbinguni. Aliinua mkono juu ya kigae cha kwanza cha Barabara Kuu, na mzee, aliyesikia nyundo ikiburutwa kwenye boksi, akaja akasimama juu yake.

"Ukikivunja nitapita wapi mpaka mwisho wa mwezi?"

Nyundo ikarudi kwenye boksi. Walipohama, vigae vilibaki vyote, vinang'aa, na kwenye ukuta wa duka la pembeni Asilimia alikuwa ameshabandika tangazo: nyumba ya kisasa, sakafu ya dizaini ya pekee. Pimamaji alilinyofoa, akalichana vipande, akavitia mfukoni kwa sababu hakutaka hata kumchafulia mfagiaji barabara.

Walikopata mahali ni mbali, kituo cha mwisho cha mabasi. Chumba kimoja na nusu, sakafu ya saruji, na choo kipo mwisho wa korido wanayochangia na jirani mmoja, dereva wa lori. Kodi yake, ungeamini? Ilikuwa ileile waliyokuwa wakilipa kule mwanzo. Kwa choo cha koridoni! Pimamaji alipotajiwa alicheka kicheko kibaya, akalipa. Akaapa kwamba katika chumba hiki hataweka kitu. Hatapaka rangi wala kuziba tundu, na hata msumari wa kutundikia kalenda hatapigilia. Wakitaka nyumba nzuri wajenge wenyewe. Kalenda ikakaa imekunjwa juu ya sanduku.

Kila siku saa kumi na mbili asubuhi alimpeleka mzee chooni kwa mkono, akamrudisha kitandani, akamwachia chakula kwenye bakuli na jagi la maji, akaenda kazini. Saa kumi na mbili jioni alirudi akampeleka tena. Mzee hakulalamika, na hilo lilipaswa kumshtua mtu yeyote aliyemjua. Pimamaji alidhani ni hasira tu, itapoa.

Wiki ya tatu, jioni, aliinua lile jagi akalimwage alioshe, likamlemea. Lilikuwa limejaa mpaka ukingoni. Vumbi lilikuwa limetanda juu ya maji. Alijaribu kukumbuka jana, akakumbuka kwamba hata jana hakulijaza, alilikuta limejaa akashukuru kupunguziwa kazi.

"Baba, hunywi maji?"

"Sina kiu."

"Tangu lini?"

"Nimekwambia sina kiu, mwanamke wewe!" Midomo yake ilikuwa imepasuka, na ngozi ya mkono, Pimamaji alipoifinya, haikurudi upesi. Mzee alisikia vidole vikimganda mkononi, akajua amekamatwa. "Maji yakiingia lazima yatoke," alisema taratibu. "Na wewe hupo."

Pimamaji alikaa chini, palepale sakafuni. Siku ile alimchukia Mpole kuliko siku zote, lakini kulikuwa na mtu mwingine aliyemchukia zaidi, na huyo alikuwa amekaa juu ya saruji na jagi mapajani. Mpole aliwanyima nyumba. Maji, mzee alikuwa amenyimwa na kiapo chake yeye.

Jumapili aliamka akaenda kununua masalio ya vigae vya kukwaruza na mfuko mmoja wa gundi. Alivimwaga sakafuni, akavitazama. Vilikuwa vizuri, ndiyo tabu yake. Aliona kabisa dalali wa nyumba hii akiingia mwisho wa mwezi, akiinama, akipapasa, akitoa simu. Alikaa navyo karibu saa nzima, akikigeuzageuza kimoja mkononi, mpaka kidole gumba kikatulia upande wa nyuma, ule wa kijivu usiotakiwa kuonekana na mtu. Nyuma ya kigae pana mistari iliyoinuka ya kushikia gundi. Mistari mingi, mikavu, ya kukwaruza.

Miaka kumi na tisa alikuwa kwenye kazi ile. Hata mwanafunzi wa siku ya kwanza hageuzi kigae. Alipaka gundi, akakilaza cha kwanza uso chini, na mkono wake ukakigeuza wenyewe kabla hajauamuru. Ilibidi akirudishe kwa nguvu. Gundi haishiki sawasawa upande wenye rangi ya kiwandani, kwa hiyo kila kigae alikikwaruza kwanza uso kwa mashine ya kukatia, akiuharibu ule uso ambao maisha yake yote alikuwa akiufutia vumbi kwa kitambaa. Alifanya kazi ile meno yameumana. Kutoka kitandani, kupitia mlangoni, korido nzima mpaka choo, vyote vimelala kifudifudi, vya kijivu, na muhuri wa kiwanda unasomeka juu ya kila kimoja. Ilikuwa kazi mbaya kuliko zote zilizowahi kutoka mkononi mwake.

Mzee alishusha miguu, akapapasa, akakanyaga. "Vinauma kidogo," alisema. Kisha akaomba maji, akanywa vikombe vitatu bila kupumzika.

Dereva wa lori alirudi safari, akakuta korido ile, akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema fundi aliyewafanyia hivi arudishwe shule. Pimamaji alimwambia ni kweli. Na mwisho wa mwezi dalali wa pale akaja kufuata kodi, akasimama mlangoni, akakunja uso.

"Ni nani huyu aliyeharibu sakafu ya watu?"

"Ni mimi."

"Wewe? Si uliniambia wewe ni fundi?" Aliinua mguu mmoja akautazama, kama aliyekanyaga uchafu. "Kigae hata upande wa juu hukijui! Nani kakudanganya kwamba unajua kazi? Mtu gani atakubali kupanga hapa baada yenu, kwa bei yoyote?"

Damu ilimpanda Pimamaji mpaka kichwani. Alijua majengo mangapi mjini yamesimama kwenye sakafu zake, angeweza kumtajia mtaa kwa mtaa, na ulimi ulikuwa umeshaanza safari. Nyuma ya dalali mlango wa choo ukafunguka. Mzee alitoka peke yake, mkono mmoja ukifunga mkanda, nyayo zikifuata mistari bila haraka, na uso umemwiva kwa sababu amesikia yote. Alikuwa anavuta pumzi ya kuwapigia kelele wanafunzi mia sita.

"Pita, baba," Pimamaji alimwahi, akamgeukia dalali, akainamisha kichwa. "Ni kweli, mkuu. Kazi siijui."